Heshima Mbili Katika Chumba Kimoja

Mama yangu alipokuja Nairobi kutolewa mtoto wa jicho, mume wangu alikunja nguo zake tatu, akazitia kwenye mfuko, akahamia kwa binamu yake, mtaa wa Komarock. Hakununa wala hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba kwao, magharibi mwa nchi, mwanamume halali nyumba moja na mama mkwe, hamgusi, hali naye wala hamtazami machoni. Kisha akaniuliza kama gesi itatosha mpaka mwisho wa wiki.

Mimi ni wa Murang'a na nina ulimi wa haraka. Kwetu, mama wa mkeo unampokea kwa mikono miwili, unampa kiti kizuri, unamwuliza magoti yanaendeleaje. Na huyu alikuwa mama mgonjwa, tena aliyebakiwa na jicho hilo moja tu, maana lile lingine lilishakufa zamani. Kumhama nilikuona ni ukatili, nikamwambia hivyo waziwazi. Akanijibu kwamba ukatili ungekuwa kubaki.

Chumba chetu cha Shauri Moyo ni kimoja, pazia katikati. Safu nzima ina vyumba sita na paa ni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kuwa napenda kuchokonoa mambo, nilimshika hapo hapo. Je, mama akilala kwa jirani, chumba cha sita, si bado mko chini ya paa moja? Alifikiri kwa makini, kana kwamba nimemwuliza njia ya kwenda mahali.

"Paa si mabati," akasema. "Paa ni pale wewe unapopika."

Nilicheka, lakini jibu lile lilinikaa kichwani. Nani aliamua hivyo, na lini? Na hapa mjini, ambako karibu sote tumetoka mahali pengine, sheria ya kwao inamfuata ya nini?

Nilimpelekea maneno hayo jirani yangu msusi, mwenye chumba cha pili. Yeye alizaliwa hapa hapa na hana subira na mila.

"Hiyo ni mambo ya ocha, ya huko kijijini," alisema bila kuacha kusuka. "Kwao iko sawa, kwenu iko sawa. Hakuna mwenye makosa. Si basi?"

Niliondoka pale nikiwa mwepesi. Wepesi wenyewe haukudumu. Nilipokuwa natandika kitanda cha mama nikaona shimo katika maneno yake. Kama kila mtu yuko sawa kwao, je, katika chumba ambacho ni kwake na ni kwangu pia, nani yuko sawa? Hakuna mwenye makosa, vizuri, lakini kitanda ni kimoja. Tena nikajiuliza, kama mila yao ingekuwa kunipiga, ningesema kwao iko sawa? Thubutu! Ningepiga kelele zisikike hadi Soko la Burma. Kumbe nilikuwa na mpaka wangu, ila sikujua unaanzia wapi wala nani aliniwekea.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani mume wangu alipita kusalimia. Alisimama nje, mgongo kwenye mlango, uso barabarani.

"Mama, umeamkaje?"

"Nimeamka salama," mama alijibu, kisha akaninong'oneza kwa Kikuyu, "Mbona ananipa mgongo? Nimemkosea nini?"

Siku ya tatu aliuliza kama ni kwa sababu sisi si watu wa kwao. Hilo liliniuma. Nikamweleza kwamba mgongo ule ndio heshima yenyewe.

"Heshima gani isiyo na uso?" akasema, na akaanza kuulizia magari ya kurudi nyumbani. Nikaogopa. Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba matone ya dawa yatiwe mara nne kwa siku, majuma mawili, yasikosekane hata mara moja, la sivyo jicho litaoza. Vidole vya mama vilishapindwa na baridi yabisi. Hawezi hata kufungua kichupa. Na nyumbani angerudi kwa nani?

Jumatano ilikuwa siku yangu ya kufungua mzigo wa mitumba Gikomba, nami sikuweza kukosa. Msusi aliahidi kutia matone ya saa nne. Mume wangu alikuwa na siku ya mapumziko, lakini sikumhesabu.

Nilikuja kutazama simu saa sita. Msusi alikuwa amenipigia mara saba. Ujumbe wake ulisema mtoto wake ameanguka shuleni, naye amekimbilia huko. Nikamwachia mwenzangu nguo nikarudi mbio, nikimtukana kila mtu moyoni, mimi nikiwa wa kwanza.

Mume wangu alikuwa nje, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, viganja juu ya magoti. Kichupa cha dawa kilikuwa kando yake.

"Nimemtilia," alisema. "Saa nne kamili. Nimemshika uso. Nimemtazama machoni."

Nilitaka kumkumbatia pale mbele ya majirani. "Umefanya vizuri sana, mume wangu."

"Najua nimefanya vizuri." Hakuniangalia. "Na nimekosa."

"Sasa haiwezi kuwa zote mbili."

"Ni zote mbili," alisema, na machozi yakamtoka. Miaka tisa ya ndoa sikuwa nimewahi kumwona akilia. Nilisimama pale na maswali yangu yote, na hakuna hata moja lililofaa kuulizwa. Alisema jioni atampigia ami yake amweleze alichofanya, na lolote atakaloambiwa atalifanya.

Niliingia ndani. Mama alikuwa ameketi kitandani, mgongo umenyooka. Nilidhani nitamkuta anafurahi, kwa kuwa hatimaye mkwe wake alimtazama usoni kama alivyotaka.

"Alikuja kusalimia, nikamwambia msusi hajaja, akasimama mlangoni kwa muda mrefu," alisema. "Nikamwita mimi. Nilimwambia, mwanangu, saa imefika. Akavua viatu. Tone la kwanza liliangukia shavuni. Alikuwa anaomba msamaha, sijui kwa nani, kwa lugha yao." Akanishika mkono kwa vile vidole vyake vilivyopinda.

"Matone ya saa nane utie wewe. Na kesho ukienda kazini, nitafutie mtu mwingine. Huyu mwanangu asifanyishwe jambo hili tena."

Nilifungua kichupa. Nje nilimsikia mume wangu akisimama, akisogeza ndoo mbali na mlango wetu.