Swali la Mama Kuhusu Kakakuona Mzee

Televisheni ya marehemu baba ilikaa chumbani kwangu kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka. Kwetu, njia ya kutoka Tukuyu kwenda Masoko, mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake. Haingii nyumbani kwake, hali naye, hatamki jina lake. Wengi wa siku hizi wameacha, na kanisani wanakaa benchi moja bila shida. Babu na mama hawakuacha. Mimi nimepewa jina la babu, kwa hiyo mama hajawahi kuniita kwa jina langu hata siku moja. Ananiita baba.

Televisheni ingewekwa kwa mama, babu asingeiona. Ingewekwa kwa babu, mama asingeiona. Chumba changu kiko peke yake pembeni ya uwanja, kina mlango mmoja na dirisha moja. Babu alikaa ndani kwenye kiti cha mbao. Mama alikaa nje, chini ya upenu, juu ya kigoda. Nilitundika kanga kwenye nusu ya dirisha, ile ya upande wa kiti, ili mama aone kioo bila kumwona babu. Mvua ya upepo ikija, na kwetu inakuja karibu mwaka mzima, mama aliloa mgongo. Hakuondoka.

Walichokuwa wanatazama ni katuni ya watoto. Ilikuwa inaonyeshwa kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, imetiwa sauti za Kiswahili. Ni familia ya kakakuona wanaoishi chini ya soko la mji: mzee, mkwe wake aliye mjane, na watoto wawili. Mmoja wao akiogopa au akiona aibu, anajikunja anakuwa mpira, na wengine wanambingirisha mpaka nyumbani. Baba ndiye aliyeianza, wakati mimi nikiwa darasa la tatu. Alipofariki waliendelea wao wawili, na hapakuwa tena na mtoto mdogo katika nyumba yetu wa kusingiziwa kwamba kipindi ni chake.

Babu alikuwa na maoni mengi. Mzee wa watu, amelima chai na migomba maisha yake yote, lakini kwa ile katuni alikuwa mkali kama mwalimu anayesahihisha madaftari.

"Kakakuona akionekana kijijini, watu wanaitana, wanamwekea maji na mahindi waone mwaka utakuwaje," aliniambia. "Hawa wanaonekana kila Jumamosi na hawatabiri chochote. Lakini nimewazoea."

Mwaka jana walileta mfululizo mpya. Wale kakakuona wakawa wanang'aa kama wamepakwa mafuta, mambo yakawa yanakwenda mbio, na sauti ya mzee ilibadilika. Siku ya kwanza babu alisimama kabisa kutoka kwenye kiti.

"Huyu siye," alisema. "Wamemleta mwingine wakamvalisha shati lake."

"Ni yeye, babu. Wamebadilisha msemaji tu."

"Mke wangu angebadilishwa sauti ningelala naye? Zima."

Sikuzima, na yeye hakutoka.

Mama aliyasikia hayo yote kutoka dirishani. Walisikiana kila Jumamosi na hawakusemezana. Mama akicheka alijiziba mdomo kwa kitenge, na babu alinong'ona, "Mama yako amecheka pale. Pale pana nini cha kuchekesha?" Maoni ya mama yalinifikia jikoni, baada ya babu kurudi kwake. Mimi niliyapeleka kesho yake asubuhi pamoja na uji. Jibu la babu nililirudisha na kikombe kitupu. Ndivyo ilivyokuwa tangu nikiwa mdogo, kwa mambo ya mbegu, ya ng'ombe, ya ada, na ya katuni.

"Mwambie babu yako mimi hii mpya naipenda," alisema mama safari ile. "Zamani yule mjane alikuwa anapika tu. Miaka yote anapika, na hatukuwahi kuona amepika nini. Sasa anaongea."

Babu alikunywa uji, akafikiri. "Mwambie anaongea sawa, lakini anaongea haraka. Hapumui. Mtu aliyefiwa hupumua kwanza."

Nilimpelekea mama maneno hayo. Akasema ni kweli.

Babu alinituma Tukuyu kwa fundi wa televisheni, nikamuulize kama upo uwezekano wa kupata vile vipindi vya zamani kwenye flashi. Fundi ni mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, na kibandani kwake televisheni za watu huwa zimewashwa tangu asubuhi kwa majaribio. Nilisimama mlangoni muda mrefu kabla sijasema shida yangu. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Babu yako ana haki," alisema. "Katuni za zamani mtu akianguka, unamwona anaanguka. Hizi za sasa, hujamwonea huruma ameshanyanyuka. Na kile kichekesho cha wale watoto wa nyumba ya kupanga, umeshakitazama? Mtoto anamjibu baba yake hovyo, halafu unasikia watu wanacheka. Wako wapi hao watu? Mimi siwaoni."

Mteja mmoja aliyekuja kuchukua redio akamwambia, "Mzee, una wajukuu kumi na bado unabishana na katuni."

"Wajukuu hawatazami," fundi alimjibu. "Wanatazama simu. Mimi ndiye niliyebaki."

Flashi haikupatikana. Tukaendelea na mfululizo mpya.

Baba aliumwa miaka minne iliyopita. Mama alimpeleka hospitali mjini, akakaa naye huko wiki tatu. Babu alituma neno kupitia kwa baba mdogo: mleteni nyumbani. Mama alikataa. Alisema mumewe amepata nafuu, kesho atakula. Baba alifia hospitali, na babu hakumwona akiwa hai tena. Baada ya mazishi babu hakusema lolote juu ya jambo lile, si kwa hasira wala kwa msamaha. Mama hakuwa na njia ya kumuuliza ila mimi, na hakuniuliza. Lakini nilijua analibeba. Kila babu alipokataa chakula chake, hata kama ni kwa ajili ya tumbo, mama aliniuliza mara mbili mbili, "Amesema hataki, au amesema ameshiba?"

Kisha kikaja kipindi kile cha mwezi wa tatu. Mtoto mdogo wa kakakuona alianguka kwenye mfereji wa soko wakati wa mvua. Babu yake alitaka aletwe nyumbani amtibu mwenyewe kwa majani. Mjane akambeba mtoto mpaka upande wa pili wa mji kwa daktari bundi. Mtoto alipona, kwa kuwa ni katuni. Lakini waliporudi walimkuta mzee amejikunja. Akakaa mpira siku tatu. Mjane alimgongagonga magamba, akamwekea uji, akaondoka, akarudi. Siku ya nne mzee alijikunjua, akanywa uji, na kipindi kikaisha bila yeye kusema neno.

Chumbani babu hakutoa maoni. Nje mama hakucheka wala hakukohoa. Nilizima televisheni, babu akachukua fimbo yake akaenda.

Jikoni mama alikuwa ameketi mbele ya ndizi ambazo hajazimenya.

"Kesho kamuulize babu yako," alisema. "Yule mzee alijikunja kwa sababu amemkasirikia mkwe wake, au kwa sababu anaumia? Muulize hivyo hivyo, baba. Usiongeze, usipunguze. Nataka jibu lake."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilielewa ni mzee gani na mkwe gani.

Asubuhi nilipeleka uji. Nilimwamkia, nikaweka kikombe, nikasimama. Babu alikuwa ameshakaa sawa kwenye kiti chake, amevaa koti, kama mtu anayengoja mgeni.

"Haya," alisema. "Mama yako anasemaje?"

Mimi ni mtu wa aibu. Shuleni nilimaliza la saba bila kunyoosha mkono zaidi ya mara chache, na hata majibu niliyoyajua niliyaacha yakasemwa na wengine. Lakini siku ile haikuwa aibu peke yake. Niliogopa babu atasema ndiyo, amekasirika. Na mimi ndiye ningepaswa kuutembea ule uwanja nikiwa na neno hilo mdomoni, nimfikishie mama.

"Anasema kipindi kilikuwa kizuri," nilisema. "Ila kelele za mvua zilizidi."

"Basi?"

"Basi."

Alinitazama. "Mjukuu wangu, mdomo wako umefungwa kwa kamba ya mgomba? Hakuna kingine?"

"Hakuna, babu."

Alichukua kikombe, akakishika kwa mikono miwili, hakunywa. "Ndaga," alisema, yaani asante, kwa sauti ya mtu aliyepewa kitu pungufu.

Mama alikuwa ananisubiri. Nikamwambia babu amesema atafikiri.

Akasubiri. Jumamosi zilizofuata alikaa kigodani kama kawaida, na jioni aliniuliza bila kunitazama, "Hajasema?" Nikajibu bado. Nilijiambia wiki ijayo nitauliza. Kila wiki ilifanya swali kuwa gumu zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika pia kueleza nilikuwa wapi nalo. Wao waliendelea na mengine. Babu alilalamika kwamba daktari bundi hana miwani tena. Mama alisema watoto wa siku hizi wa kwenye katuni hawasalimii wanapoingia ndani. Niliyafikisha hayo yote, neno kwa neno, bila kosa.

Baridi ya Juni ilimkuta babu na kifua. Ukungu haukuondoka mpaka saa sita mchana, na kikohozi chake kilisikika mpaka kwenye shamba la chai. Siku ya tatu mama alitafuta gari.

"Nenda kamwambie, mwenye gari yuko tayari," alisema. "Twende naye hospitali. Mimi nitakaa mbele na dereva, yeye akae nyuma na wewe. Sitageuka."

Hilo nililipeleka. Babu alikuwa amelala amegeukia ukutani.

"Hapana," alisema.

"Nimwambie mama nini?"

"Mwambie hapana."

Nikarudi jikoni nikasema hivyo. Mama alikuwa ameshavaa viatu na kufunga chupa ya chai kwa ajili ya safari. Akaiweka mezani polepole.

"Basi amenijibu," alisema.

Nilisimama pale. Ningeweza kumwambia wakati ule ule kwamba babu hakuwa anajibu chochote, kwamba hajawahi kuulizwa. Kikohozi kilisikika kutoka ng'ambo ya uwanja. Bado palikuwa na muda hata wa kwenda kuuliza. Nikachukua panga nikaenda kukata majani ya ng'ombe.

Babu alifariki Alhamisi, kabla ya jua kuzama. Siku ya kuaga, wazee wa kanisa walimwambia mama apite na wengine mbele ya jeneza, kwa marehemu hakuna mwiko tena. Alipita. Alikuwa amejifunika kanga mpaka machoni, na hakusimama.

Watu walipoondoka tulibaki na masufuria makubwa ya kuazima. Tuliyapeleka bombani, mama akawa anasugua kwa majivu na mimi nasuuza.

"Mama, lile swali sikulipeleka."

"Swali gani?"

"La kakakuona."

Mkono wake ulisimama ndani ya sufuria. "Ulisema atafikiri."

"Nilidanganya."

"Kwa hiyo hakunijibu."

"Hakuulizwa, mama."

Alisugua tena, pale pale palipokwisha takata. "Na ile ya hospitali?"

"Ile niliifikisha kama ulivyosema."

"Alisema hapana tu? Hakuongeza kitu?"

"Hapana tu."

"Siku uliyompelekea uji, alikuwaje?"

Nikamweleza yote: koti, kikombe, namna alivyouliza kama hakuna kingine. Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige. Alikaa chini kwenye tope, na nguo zake za msiba.

"Alikuwa anangoja," alisema. "Baba, yule mtu alikuwa anangoja. Miezi mitatu nakaa mvuani nikidhani amenyamaza yeye, na yeye huko ndani anadhani nimenyamaza mimi."

Masufuria tuliyarudisha kwa wenyewe, kila mmoja amebeba la kwake kichwani.

Jumamosi ya pili baada ya mazishi sikuwasha televisheni. Saa kumi na moja mama aligonga mlango. Hakuwahi kuingia mle chumbani kipindi kikiwa hewani. Aliingia, akakipita kile kiti, akakaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Washa."

Kilikuwa kipindi cha kurudia, kile kile cha mfereji. Sijui kama alijua. Tulikitazama mpaka mwisho, mpaka mzee alipojikunjua na kunywa uji wake. Maandishi ya majina yalianza kupanda.

"Wewe unaonaje?" mama aliniuliza. "Wewe mwenyewe. Alikuwa na hasira, au alikuwa anaumia?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza maoni yangu juu ya katuni ile.

"Alikuwa anaumia," nilisema. "Alitaka mtu amuulize."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Kisha akasimama, akashika mlango.

"Hilo ni jibu lako," alisema. "Siyo lake."

"Ndiyo, mama."

Mvua ilikuwa imeanza. Alitoka kwenda kukinga maji.