Mgonjwa Niliyemuua kwa Mdomo

Nikuambie ukweli ambao wapenda muvi wenzangu hawapendi kuusikia: filamu zetu hazijui kumtoa mgonjwa hospitali akiwa hai. Akishalazwa tu, kwisha habari yake. Analala na wanja machoni na kope za kubandika, dripu imeshikishwa mkononi kwa plasta bila sindano, halafu anatokea mtu mwenye koti jeupe, anavua miwani, anasema, "Tumejitahidi kadiri ya uwezo wetu." Mama wa marehemu anajitupa chini, ila anachagua mahali penye zulia. Nilikuwa nazicheka sana hizo. Siku hizi nazizima, maana mama yangu haoni, na yule mvuaji miwani ana mkono wake katika hilo. Mimi nina mikono yote miwili.

Naishi Makandana, huku Rungwe, nina kibanda cha kutengeneza simu na kujazia watu muvi kwenye flashi. Mama yuko kijijini Mpuguso, katikati ya migomba yake. Kiswahili anakijua, lakini kile cha Dar kinachotoka kwenye televisheni kwa mbio kinamwacha njiani. Kwa hiyo tangu nimpelekee televisheni, kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa napanda kwake na flashi mfukoni, nakaa pembeni yake, namtafsiria kwa Kinyakyusa. Unawajua wale jamaa wanaoweka sauti zao juu ya filamu za kigeni? Wanatafsiri, wanatania, wanamtukana adui, mara wanasalimia rafiki zao katikati ya vita. Basi wa Mpuguso nilikuwa mimi. Majirani walikuja na vigoda vyao na mahindi ya kuchoma, na kina mama wakikosa nafasi ndani walisimama mlangoni hata kama mvua inawapiga mgongoni.

Chumvi nilitia, tena siyo ya kuonja, ya kumwaga. Filamu ikipoa naipasha moto. Mume mpole namfanya mchawi, jirani anayepita njia namfanya hawara. Mtafsiri asiyeongeza neno ni nani kwani? Nilisifiwa, na sifa zilinilevya. Sheria niliwafundisha moja tu, ile ya vibanda vya video: stelingi, yule shujaa wa filamu, hafi. Wengine wote niachieni mimi.

Kisha mama akaanza kugonga mabega kwenye miimo ya mlango aliouingia miaka arobaini. Akawa anamimina chai pembeni ya kikombe. Nikampeleka kwa daktari wa macho, mtu mzima mwenye subira, akampima taratibu, akatuambia ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, akasema, ila kilichobaki kinaweza kulindwa. Dawa ya matone peke yake haitatosha, inabidi upasuaji, na tusichelewe. Nikashusha pumzi. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe nilikuwa sijamuuliza mwenye macho.

Mama alisubiri tufike nyumbani. Akakaa, akavua kilemba, akaniuliza kwa Kinyakyusa, pole pole, "Gwe, katika wote ulionionyesha humo ndani, umemwona nani akiingia chumba cha kisu akatoka?"

Nikacheka. "Mama, zile ni muvi!"

"Najua ni muvi. Lakini wanaozitengeneza si watu? Hawajui hospitali? Wewe ulisema stelingi ndiye hafi. Mimi si stelingi, mwanangu. Mimi ni mama wa stelingi. Umewahi kuona mama wa stelingi anapona?"

Swali hilo ndilo lililonitia wazimu. Jambo la kipuuzi kabisa, lakini kweli tupu! Nikarudi kibandani nikasema haiwezekani, nina muvi nyingi kuliko majani ya chai yaliyoko Rungwe nzima, lazima yupo mmoja aliyepona. Nitamtafuta, nitampeleka Mpuguso, mama atamwona kwa nuru iliyobaki machoni, atakubali. Ikawa ndiyo kazi yangu.

Nikaanza na za Kimarekani. Huko stelingi akipigwa risasi haendi hospitali, anaingia chooni anajitoa risasi kwa koleo, anajimwagia pombe kali, anarudi vitani. Nikamwonyesha mama. Akasema, "Unaona? Hakwenda hospitali. Ndiyo maana yuko hai." Nikatamani kuivunja ile televisheni.

Za Kinaijeria usiniambie kitu. Mtu anapiga kelele saa nzima kwa ugonjwa uliotumwa na mama mkwe, halafu anaingia mchungaji, anaweka mkono kichwani, ugonjwa unatoka kama moshi uliochorwa na mtoto. Mama alizipenda, na mimi nilizichukia kwa sababu hiyo hiyo, kwani alianza kuuliza kama mchungaji wetu hawezi. Tamthilia za Kihindi nazo, mtu akitamka neno "daktari" ngurumo inapiga, sura za ukoo mzima zinaonyeshwa mara tatu tatu, wiki inakwisha mgonjwa hajafika hata getini. Za Kituruki mgonjwa anafika, anapasuliwa, halafu anabaki amezimia sehemu arobaini mfululizo huku mume anaoa mwingine. Hiyo ungempelekea mama yako?

Za Kikorea nilizitegemea sana. Nasema bila kuona haya, nazipenda, wanajua kuigiza na hata mvua yao ni mvua. Na huko watu wanapona! Ila kila anayepona anaamka amesahau kila kitu, hamjui mume, hamjui mama. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa. "Yaani nipate macho nisikujue wewe? Acha."

Wiki zilikuwa zinakwenda. Nilikuwa nazihesabu kwa kikombe chake cha chai, kwani sasa alikuwa akiweka kidole ndani ya kikombe ndipo amimine. Nilimsihi, nikalia, nikamgombeza kama mtoto, Mungu anisamehe. Matone alitia kwa uaminifu. Kisu alikikataa.

Ndipo nikaipata. Filamu ya hapa hapa kwetu, ya zamani kidogo, isiyo na makuu. Mwanamke ana uvimbe tumboni, mume anauza ng'ombe, mke anapasuliwa, anapona. Inaisha kwa watu kukusanyika uani, wanakula, wanacheka, na mwenyewe yupo katikati kavaa gauni jeupe anagawa soda. Hakuna kuvua miwani wala kujitupa kwenye zulia. Nilipiga kelele peke yangu kibandani hadi muuza mitumba wa jirani akaja kuuliza kulikoni. Nikafunga siku ile mchana, nikapanda Mpuguso, nikaiweka.

Mama alisikiliza dakika kama kumi hivi, kisha akasema, "Zima. Hii ulinionyesha. Huyu alikufa."

Nikasema hapana. Akasema ndiyo, tena majirani wote walilia, mama fulani wa ng'ambo ya kijito alilia mpaka akashindwa kutembea. Na hapo nikakumbuka. Kweli, ni mimi. Jumapili ile niliona ule mwisho umepoa, watu wanakunywa soda tu, na nyumba imejaa wasikilizaji wanaosubiri kulia. Nikamuua yule mwanamke mezani kwa daktari. Nikamtungia na maneno ya mwisho. Zile picha za watu wanaokula uani nikasema ni matanga. Nani angeshangaa? Kwetu msibani tunapika, tunakula, wengine hata kucheza wanacheza. Walilia wote. Nilirudi Makandana siku ile nikijiona fundi.

Lakini ngoja, mwanamke mwenyewe si alikuwa pale kwenye picha, kavaa jeupe? Nikakumbuka na hilo. Majirani walikuwa wameshainama na khanga zao, wanafuta machozi. Mama ndiye aliyekuwa anatazama. Aliniuliza siku ile, "Huyu aliyevaa nyeupe ni nani?" Nikamjibu bila kufikiri, "Ni mdogo wake marehemu." Akasema, "Televisheni yako ina ukungu," akaridhika. Mama yangu, aliyekuwa akimtambua mtu kwa mwendo akiwa bado yuko ng'ambo ya bonde, alikuwa hatambui sura iliyoko hatua tatu mbele yake. Na mimi nilifurahi kwamba uongo wangu umepita.

Nikapiga magoti pale pale, nikamwambia yote. Nilidanganya, mama. Alipona, ni mimi niliyemuua. Mama akanishika kichwa. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Akasema, "Naelewa. Unataka niende, kwa hiyo leo umemfufua."

"Mama, mtazame! Huyo hapo!"

"Namwona mtu mweupe mweupe. Ulisema ni mdogo wake."

Basi niseme nini tena? Nilimtafuta binti mmoja wa Lufingo aliyewahi kupasuliwa jicho, mzima kabisa, mwenye macho yake mawili. Alikuja, akakaa na mama, akaeleza mwanzo mpaka mwisho. Mama alimsikiliza kwa heshima zote, akamfungia mkungu wa ndizi. Binti alipoondoka mama akaniambia, "Amesimulia vizuri. Umemfundisha siku ngapi?" Niliutoka ule mlango nikaenda kusimama migombani, nikalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa.

Jicho la kushoto lilikwisha masika ya mwaka ule, la kulia halikumaliza mwaka. Asubuhi moja aliniuliza kama kumekucha, na jua lilikuwa limempiga usoni. Nilimrudisha kwa yule daktari. Alipima, hakuvua miwani wala nini, akaandika tu kwenye karatasi, akamshika mama mkono hadi kwenye kiti. Hakukuwa na kitu kilichobaki cha kulinda.

Jumapili bado napanda. Majirani wamepungua, kwa sababu siku hizi nasimulia kama ilivyo, na kama ilivyo, jamani, filamu nyingi ni mbaya. Nilikuwa sijui. Nilikuwa nazipenda kwa ajili ya nilichokuwa naongeza mwenyewe. Ukiitazama filamu na kumwambia kipofu kile tu kilichomo, unagundua kilichomo ni kidogo: watu kwenye sofa wanagombana, gari linapiga kona, mtu analia bila machozi. Naona aibu kwa miaka niliyopoteza humo.

Jumapili iliyopita ilikuwa tamthilia mpya, ya watu wa hapa. Mzee mmoja alipelekwa kupasuliwa moyo. Nilikuwa naye mama bega kwa bega, namweleza: wanamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, mlango umefungwa, mke wake amekaa kwenye benchi. Mama alinishika mkono kwa nguvu. Daktari akatoka, anacheka. Mzee amepona. Nikamwambia hivyo hivyo, "Amepona, mama. Amekaa kitandani, anaomba uji."

Mama akanipapasa shavu, akatabasamu upande nisiokuwapo.

"Umemponya kwa ajili yangu," akanishukuru. "Ndaga, mwanangu. Ndaga sana."

Alikuwa amepona kweli, alikuwa pale mbele yangu anakunywa uji. Sikumbishia tena, nikamwambia mama asante.