Meza Mbili za Madam

Niliacha shule darasa la saba. Karo ilikuwepo. Shida ni kwamba nilikaa karibu na dirisha, na nje ya dirisha kulikuwa na barabara. Nikaifuata. Nilifunga miraa kwa majani ya migomba kule Laare, nikapakia malori Makutano, nikahamisha mabomba ya maji katika mashamba ya ndizi ya Mitunguu. Kila mahali nilikaa miezi mitatu, minne, kisha nikaondoka bila kuaga. Sikuwa nimekosana na mtu. Nilitaka tu kujua kulikuwa na nini mbele.

Embu nilinaswa na sauti. Nilikuwa napita chini ya ghorofa moja, juu ya duka la dawa, nikasikia kitu kinakereza kama panzi mkubwa ndani ya debe. Nikapanda ngazi. Mama mmoja mnene mwenye miwani akaniuliza, "Unataka kuandikiwa nini?"

"Sitaki kuandikiwa. Nataka kujua kinacholia."

Akacheka. Ilikuwa printa. Akanipa ufagio, nami nikaanza kumwita Madam kama wateja wake wote.

Nilifagia nikimchungulia begani. Wakati huo kompyuta yake ilitumia Dosi: skrini nyeusi, kistari kimoja kikipepesa, basi. Uliandika neno, nayo ikatii. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini maneno ya Dosi hayakuwa mengi, nikayakariri yote. Ukiiambia nakili, inanakili. Ukiiambia futa, inafuta, wala haikuulizi umelala vipi. Nilipenda hilo. Baada ya miezi sita Madam alinipa kiti, kiti chenyewe sifongo imetoka ubavuni, na kwa mara ya kwanza maishani nikapita mwaka mahali pamoja.

Ndipo ikaja kompyuta mpya yenye Windo. Madam aliifuta vumbi ambalo haikuwa nalo.

"Hii imetengenezewa watu wanaoanza," akasema. "Hata cucu, yule nyanya yangu wa Runyenjes, ataiweza."

"Mimi sianzi, Madam."

"Basi kwako itakuwa rahisi zaidi."

Haikuwa. Maneno yangu yote yalikosa pa kuandikwa. Badala yake kulikuwa na picha ndogondogo, na mausi niliyoisukuma hadi ikaanguka ukingoni mwa meza, huku mshale haujafika nilikotaka. Kuizima, ulianza kwa kubonyeza neno la kuanza. Wakati mwingine, ukingojeshwa, kilitokea kichupa cha mchanga kilichobana kiunoni, nami nikakaa nikikitazama, nikingoja ngoma ipigwe. Wateja walisifu: nzuri, ina rangi, haina maneno magumu. Mimi niliona kama nimeingia nyumba ambayo kila mtu anaijua isipokuwa mwenyeji.

Kilichonichanganya zaidi ni meza.

"Hapa ndipo juu ya meza," Madam alinifundisha, kidole kikigusa kioo. "Kazi yoyote unayoifanya, iweke juu ya meza uione."

Nikatazama meza. Kulikuwa na chupa ya chai na nusu ya mandazi.

"Si hiyo! Ya ndani."

Mteja wetu mmoja alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Mbeere, mzee mwembamba aliyekusanya majina ya miti ya kwao kwa miaka mingi: mukau, mugaa, muthithi, na kila mti unafaa kwa nini. Nilikuwa nimemchapia yote kwenye Dosi, kisha nikayahamishia kompyuta mpya kwa disketi. Disketi zetu zilikuwa chache, kwa hiyo nikazifuta tuzitumie tena. Siku moja akaja kuangalia kazi yake.

"Kijana, miti yangu iko wapi?"

"Juu ya meza, Mwalimu."

Akainua kisahani cha Madam, akachungulia chini yake. "Mbona siioni?"

"Meza ya ndani."

"Meza ina ndani?" Akanitazama kwa huruma. "Sikiliza. Madaftari yangu yameliwa na mchwa. Nilifungua sanduku nikakuta udongo. Yaliyobaki ni hayo uliyo nayo wewe. Kwa hivyo meza iwe ya ndani, iwe ya nje, usiniangushe."

"Siwezi kukuangusha, Mwalimu."

Nilimaanisha. Juma hilo nilijifunza ile meza mpaka nikaanza kuiota, na hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Asubuhi moja Madam alikuwa akitarajia watu wa kanisa, ambao wangetupa kazi ya mwaka mzima. Aliposhuka kwenda kuwapokea, alisema akiwa mlangoni, "Toa kila kitu juu ya meza. Sitaki kuona hata karatasi moja."

Nilifurahi. Zamani ningeuliza meza gani, lakini sasa nilikuwa mtu anayejua. Nikakaa kwenye kiti changu, nikakusanya picha zote juu ya skrini, nikazifuta. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo. Picha mbili tatu zilikataa kutoka, nikaziacha. Moja ilikuwa ya pipa la taka, na sasa lilionekana limejaa karatasi hadi juu. Nikadhani ni pambo.

Madam akaingia. Nyuma yake nilisikia viatu vya wageni kwenye ngazi.

"Nilikwambia nini?" akanong'ona.

Nikamwonyesha skrini, safi kama shamba lililolimwa jana. Yeye akaangalia chupa ya chai, makombo, rundo la karatasi. Akaangalia skrini tena. Sidhani alielewa alichokiona, na hakuwa na nafasi ya kuelewa. Alikomba makombo kwa mkono wake mwenyewe, na wakati mkono ule ukipita juu ya mbao, nikaelewa. Kilichofutwa kimefutwa, Dosi ilikuwa imenifundisha hivyo. Miti ya Mwalimu ilikuwa juu ya meza.

"Naenda kununua maziwa, Madam," nikasema.

Alasiri nilikuwa Mitunguu, nahamisha mabomba.

Nilikaa huko majuma mawili, lakini kuondoka safari hii hakukuwa kama kule kwingine. Sikutazama mbele. Kila nilipoinama kwenye maji nilikuwa nikitaja: mukau, mugaa, muthithi. Nikaanza kuandika niliyoyakumbuka kwenye karatasi ya mfuko wa mbolea. Mamia ya majina niliyoyachapa kwa vidole vyangu, na ukurasa haukujaa. Jumapili moja nikapitia Ishiara, huko Mbeere, nikaulizia nyumba ya Mwalimu hadi nikaipata. Alikuwa ameketi uani akichambua ndengu.

"Mwalimu, nimekuja kusema. Miti yako nimeimaliza."

"Miti gani?"

"Yote. Niliifuta."

Akaacha ndengu, akaingia ndani, akarudi na sanduku la bati. Ndani ya mifuko miwili ya plastiki kulikuwa na karatasi zilizochapwa, nyeupe, zikinuka wino. Mti wa kwanza hadi wa mwisho.

"Madam alinipa juma lililopita. Alisema ilikuwa kwenye pipa, akaitoa."

"Iliyofutwa inatolewaje kwenye pipa?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye fundi?"

Nilikuwa nimekimbia kosa ambalo mashine haikukubali kulifanya. Dosi iliniamini nilipoiambia futa. Windo iliniuliza kama nina hakika, nikasema ndiyo, na bado haikuniamini. Watu wakiniuliza ipi bora, huwa naanza kujibu halafu napotea katikati. Ile isiyoniamini ndiyo iliyoniokoa, na hilo mpaka leo halijanikalia vizuri.

Mwalimu alikuwa amechukua karatasi yangu ya mbolea, anaisoma akiisogeza mbali na macho.

"Muuru," akasema. "Huu hatukuuandika."

"Ni wa kwetu, Meru. Huku kwenu kwenye joto haumei. Umejichanganya tu na mingine."

"Na unafaa kwa nini?"

Nikamwambia: mbao, milango, vitanda. Akachukua penseli, akauandika chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, kisha akanikabidhi ukurasa ule.

"Rudi ukauchape vizuri. Mimi sitaki kitabu chenye penseli."

Kwa hiyo nilipanda tena zile ngazi za Embu, ukurasa ukiwa umekunjwa kifuani. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa lolote. Madam alikuwa kwenye kompyuta, mgongo kwangu. Juu ya kiti changu kulikuwa na mkoba wake. Hakugeuka.

"Maziwa yako wapi?"

Nikaukunjua ukurasa wa Mwalimu.

"Chai ya majuma mawili nimekunywa ya rangi." Akaondoa mkoba kwenye kiti, akauweka sakafuni. "Kabla hujakaa, safisha meza."

Nilifikiri sana. Ndipo nikauliza, "Ipi, Madam?"

Alinirushia kitambaa.