Saa Nne Niliyoichagua Mwenyewe

Nianze na watu wa forex wa Masasi, wale wa kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni, maana nikianza na mimi mwenyewe nitaona aibu mapema mno. Walikutana kila Jumamosi kwenye chumba cha nyuma cha saluni moja karibu na stendi, vijana saba na mimi mzee mmoja niliyepanda basi kutoka Newala. Kiongozi wao alivaa suti ya bluu iliyombana kwapani, akajiita mkufunzi, na alikuwa na maneno mawili ya kujibu kila swali: nidhamu na saikolojia. Ukimuuliza kwa nini pauni imepanda, saikolojia. Ukimuuliza kwa nini akaunti yake imekauka, anakohoa kidogo, kisha nidhamu. Nilifundisha hesabu shule za msingi hadi nikastaafu, na darasani kwangu mtu wa majibu hayo angesimama ukutani mpaka kengele ilie.

Jambo moja la maana nililipata kwake, nalo aliliokota kwingine. Usiku, wenzetu wa London wakiwa wamelala, bei ya pauni kwa dola hutulia, inapanda kidogo na kushuka kidogo. Asubuhi unachora boksi kwenye chati, mstari juu ya kilele cha usiku na mstari chini ya bonde lake. London wakifungua kazi, bei hulivunja boksi. Ikitokea juu unanunua, ikitokea chini unauza, na upande wa pili unaweka kikomo cha hasara ili usiuawe. Hata mtoto wa darasa la nne angeelewa.

Kilichobaki ni saa. London wanafungua saa ngapi kwa saa zetu? Mkufunzi alisema, "Asubuhi asubuhi hivi." Kijana mmoja mwenye bodaboda alifanya biashara baada ya kupeleka wanafunzi shule, kana kwamba London inamngoja arudishe pikipiki. Mwingine alichagua Ijumaa tu, baada ya swala, kwa sababu ya baraka. Nikawacheka wote ndani ya basi njia nzima, kimoyomoyo, mpaka aliyekaa jirani akaniuliza kama naumwa tumbo.

Mimi nilichagua saa kwa elimu. Nilinunua daftari kubwa na kalamu nyekundu, na kuanzia mwezi wa saba nikakaa kwenye meza ya kulia chakula kila asubuhi, nikiandika bei ya kila saa na umbali iliotembea. Wiki baada ya wiki jibu lilikuwa lile lile. Saa moja imelala, saa mbili inajinyoosha, saa tatu inapiga miayo, saa nne inatoka mbio. Nikapigia saa nne mistari miwili. Kwenye akaunti ya majaribio, ile ya fedha za bandia, nilishinda mpaka nikaanza kutembea mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

Nyumbani kwetu kulikuwa na shimo. Mke wangu alilichimbisha nyuma ya jiko, la kuvunia maji ya mvua, kwa sababu bomba la mtaa wetu hutoa maji siku linapojisikia, na lisipojisikia maji yako bondeni, chini ya mteremko wa Newala unaokata magoti. Shimo lilikuwa tayari. Lililobaki ni saruji, nondo za mfuniko na fundi wa kupiga plasta kabla ya mvua za kwanza. Fedha yake ingetoka kwenye korosho za shamba la Chilangala. Mikorosho ile ni ya mke wangu, aliachiwa na mama yake kama mama yake alivyoachiwa na wake, ndivyo ilivyo kwetu. Ila kwenye daftari la chama cha msingi, kinachotuuzia korosho mnadani, aliandikishwa mkulima mmoja tu, na huyo ni mimi, kwa kuwa siku ile nilisema mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri. Na malipo ya mnada yaliingia kwenye akaunti yangu.

Kabla hayajaingia, nilipita Masasi kwa mdogo wa mke wangu. Ana kibanda cha kutuma na kupokea fedha, na kwenye simu yake ya pili anafanya forex ya kidogo kidogo bila suti na bila mkufunzi. Nilimfundisha darasa la sita. Hesabu za sehemu zilimtoa machozi, na nilipenda kumkumbusha.

Akalipekua daftari langu polepole, akasema, "Shemeji, kazi nzuri. Ila mwisho wa mwezi huu wa kumi hao watu wa London wanarudisha saa nyuma. Hiyo saa nne yako itakuwa saa tano."

"Wanarudisha nini?"

"Saa. Nchi nzima. Mwezi wa tatu wanaipeleka mbele tena."

Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Sisi hapa jua linachomoza saa kumi na mbili, leo na mwakani, na mtu mzima ananiambia serikali fulani inaamuru saa moja isogee na watu wanatii! Nikamwambia, mbele ya foleni yake, kwamba aliyeshindwa kujumlisha nusu na theluthi asinifundishe kusoma saa. Alinirudishia daftari kwa mikono miwili, akamwita mteja aliyefuata.

Malipo yaliingia wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Mke wangu aliuliza, nikamwambia bado, chama kinachelewesha. Ni uongo mwepesi kuusema, kwa sababu miaka mingine ni kweli. Niliwaza kuifanya fedha iwe mara mbili kwa mwezi mmoja, tujenge kisima chenye mfuniko wa chuma na pampu ya mkono, na mtaa mzima uje uombe maji kwa mwalimu. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Nikaihamishia yote kwenye akaunti ya forex, safari hii ya fedha za kweli. Siku ya kwanza, saa nne kamili, bei ilichungulia juu ya boksi. Nikanunua. Ikarudi ndani, ikateremka taratibu mpaka kwenye kikomo changu, ikanikata. Siku ya pili ilichungulia chini, nikauza, ikapanda. Siku ya tatu vile vile. Kila siku niliongeza dau nirudishe ya jana, jambo ambalo nilimsikia kijana wa bodaboda akilifanya na nikamwita mpumbavu. Nikailaumu kampuni ya mtandaoni kuwa wezi, nikaulaumu mtandao. Sikuilaumu saa nne hata mara moja. Ilikuwa na mistari miwili myekundu chini yake.

Kisha asubuhi moja umeme ulikatika na simu ikazima. Uliporudi na simu ikawaka, saa tano ilikuwa imepita, nami sikuwa nimenunua wala kuuza. Nikaangalia chati. Bei ilikuwa imelivunja boksi vizuri kabisa na kukimbia, moja kwa moja, kama asubuhi za mwezi wa saba. Ilianza saa tano. Nikarudi nyuma siku zote nilizopigwa. Kila siku saa tano, na kila siku mimi niliingia saa nzima kabla, London wakiwa bado wanavaa viatu.

Nikampigia shemeji. Nikamuuliza habari za watoto, habari za biashara, habari za Masasi, zote akazijibu. Mwisho nikasema, "Hivi, wale wa London…"

"Wanafungua saa tano sasa, shemeji. Nilikuambia."

Hakunicheka. Ningependa angenicheka, tungekuwa sawa.

Kilichobaki kwenye akaunti kilitosha mfuko mmoja wa saruji na nauli ya kwenda kuununua. Sikuwa nimepata la kusema wakati mke wangu alipokutana na mwanamke wa Mnyambe sokoni, ambaye chama chao kinauza kwenye mnada mmoja na chetu, akamsikia akizungumzia malipo yaliyokwishaliwa. Alirudi, akaketi ukingoni mwa lile shimo, akaniuliza mara moja tu. Nikamwambia yote, pamoja na London na saa zao. Alisikiliza kama mzazi anayesikiliza maelezo marefu ya mwalimu wakati anajua mtoto amefeli.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya nne baada ya hapo, mvua kubwa ya mchana. Maji yalijaa shimoni mpaka nusu, mekundu, na sisi tukiwa mlangoni tukitazama. Jioni ardhi ilikuwa imeyanywa yote. Ukuta wa upande mmoja ukaporomoka taratibu ndani ya tope.

Mke wangu akasema, "Mwakani mkulima wa Chilangala ataandikwa mdogo wangu wa Masasi. Kaka zangu wameshakubali. Na kuanzia kesho maji tunafuata bondeni, mimi na wewe. Saa ya kwenda chagua wewe, maana hiyo ndiyo kazi yako."

Nilifikiri sana. Mwalimu mstaafu na ndoo, mchana kweupe, mbele ya watu niliowafundisha? Nikachagua saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo hakuna mtu. Mke wangu akasema sawa.

Tukateremka gizani, mimi mbele, nikiupongeza moyoni uamuzi wangu. Kabla hatujafika nilisikia sauti. Palikuwa na foleni ndefu ya wanawake kutoka mitaa yote ya juu, ndoo zimepangwa, wengine wakijitwika tayari kupanda, kwa sababu hiyo ndiyo saa ya kuteka maji kabla jua halijashika mteremko. Nusu yao walipita darasani kwangu. Wakasogea kunipisha, na shikamoo mwalimu zikaanza, moja baada ya nyingine, nami nikiitikia marahaba.

Nikageuka kumtazama mke wangu, na wote walikuwa wakimsalimia kwa mazoea, wakimuuliza mbona leo kachelewa kidogo. Miaka yote hiyo bomba lilipokataa nilikuwa nikiamka na kukuta maji ndani, na sikuwahi kumuuliza aliondoka saa ngapi.