Mchi wa Mama

Du… du… du. Nikisikia mtu anatwanga mtama polepole hivyo, najikuta nimerudi Cheyo, mtoto mdogo, nimekaa kando ya kinu cha mama.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Asubuhi hiyo mama alitwanga kwa mkono mmoja. Wa pili baba alikuwa ameuumiza tena, umevimba kama muhogo. Ghafla akaacha, mtama haujatoka pumba, akamfunga mdogo wangu mgongoni.

"Twende Igalula tukamsalimie bibi yako."

Nauli ya treni hatukuwa nayo. Tungekwenda kwa miguu, kwa njia ile ya zamani ya misafara, nami, ndugu zangu, nikafurahi! Nilishajiona mpagazi wa pembe za ndovu. Lakini mpagazi gani hana mzigo? Nikaona mama kausahau mchi wake, nikautia begani.

Mbele ya nyumba shangazi, dada yake baba, alikuwa anafagia. Ufagio ukasimama.

"Wee wifi! Tangu lini mtu akaenda kusalimia na mchi?"

Mama akageuka, akaniona. Uso ukamparama kama jivu. Kisha akacheka, akacheka mno.

"Mtoto wenu huyu anaota macho wazi! Rudisha, mama. Tukirudi tutatwangia nini?"

"Uuweke ndani ya kinu," shangazi akaniambia. "Nitakwenda kuangalia."

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima. Kwetu mke aliyeondoka moja kwa moja alibeba mchi wake. Aliyekwenda kutembea aliuacha kinuni. Shangazi angepiga yowe moja tu, baba angeamka, nasi watoto tungebaki kwake. Mchi ule babu alimchongea mama alipoolewa. Aliuacha ili atupate sisi. Igalula aliwatwangia watu kwa mchi wa kuazima, tukala chenga alizopewa, na wa kwake hakuutaja hata siku moja.

Lakini asubuhi ile sikujua lolote. Nilizunguka nyumba peke yangu, nikampita baba barazani akikoroma pombe ya jana. Nikausimamisha mchi juu ya mtama ulioachwa, taratibu, kwa mikono miwili, usije ukalia.