Mafundo kwenye Nyuzi, kwa Milimita Hamsini na Tano

Mara ya tatu nilipoingia katika duka lile la picha mjini Kitui, mwenye duka hakuniuliza nataka nini. Alizitoa lenzi tatu chini ya kaunta, akazipanga juu ya kitambaa cheusi, kisha akaendelea kukata picha za pasipoti za mteja mwingine. Alikuwa mama wa makamo, wa familia iliyohamia huku kutoka pwani vizazi kadhaa vilivyopita, amevaa buibui, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Aliuza vifaa vilivyokwisha kutumika, na kila lenzi aliimulika tochi kabla ya kukubali kuinunua.

Mimi nilikuwa na daftari, na ndani ya daftari jedwali. Nilikuwa nimeandika uzito wa kila lenzi, mwanga inaoruhusu kupita, na umbali wa karibu kabisa ambao bado inaweza kuona vizuri. Lenzi niliyokuwa nikiitumia ilikuwa ya idara yetu chuoni, na ilipaswa kurudishwa mwisho wa mwezi. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili, kuhusu ususi wa vyondo, vikapu vya Wakamba, katika Kitui na Makueni, ulikuwa umebakiza ziara chache. Nilihitaji lenzi moja ya kazi zote na ya bei ninayoiweza: ipige nyumba nzima, ipige mtu, ipige uzi mmoja kati ya vidole viwili. Ya kwanza ilianza milimita kumi na nane ikaishia hamsini na tano. Ya pili ilifika mia moja thelathini na tano, na ya tatu mia mbili. Namba inapokua, kitu cha mbali husogezwa karibu bila mpiga picha kuinua mguu. Lakini nilikuwa nimesoma pia kwamba lenzi inayojitia kufanya kila kitu hufanya kila kitu nusunusu, na nusu hiyo ilinikosesha raha kwa wiki mbili.

"Mwanangu," alisema bila kuinua kichwa, "umekuja kununua lenzi au kuiposa?"

Yule mteja mwingine akacheka. Nikaanza kueleza habari ya jedwali langu.

"Ngoja. Una picha ngapi tayari?"

"Maelfu kadhaa, mama."

"Sasa mimi unaniulizia nini? Kamera hizi kila picha huiandikia milimita zake. Kazipange kwenye kompyuta kwa namba hizo, utaona unaposimama siku zote. Lenzi ya hapo ndiyo yako. Hizo nyingine ni za jirani."

Niliona aibu kwamba sikuwa nimelifikiria jambo hilo mwenyewe. Asubuhi iliyofuata, katika chumba nilichokodi karibu na soko, nilizipanga picha zote za miaka miwili kwa namba, kuanzia ndogo hadi kubwa. Jibu la lenzi lilitokea mara moja. Zaidi ya hamsini na tano sikuwa na picha za maana: ndege mmoja, kilima kimoja, na kanisa la ng'ambo ya bonde ambalo sikumbuki kwa nini nililipiga. Karibu kila kitu nilichokijali kilikuwa kimepigwa kutoka umbali wa mtu anayeweza kushika kiondo. Ningeweza kuifunga kompyuta hapo hapo na kurudi dukani.

Sikuifunga, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhakiki. Nikafungua fungu la hamsini na tano, ambalo lilikuwa la mikono. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa imezipanga kwa namba na si kwa tarehe wala kwa mahali, wasusi wa Kikima, wa Kasikeu na wa vijiji vya Kitui walikuwa wamechanganyika, na kati yao, tena na tena, mikono ya mama yangu, ambaye husuka nyumbani kwetu karibu na Mbumbuni. Katika picha zake za mwaka wa kwanza, vitita vya nyuzi vilikuwa vimelala mapajani mwake vikiwa vitupu. Katika zile za mwaka wa pili kila kitita kilikuwa na mafundo mwishoni: kimoja fundo moja, kingine mawili, kingine matatu.

Lazima nieleze kwa nini mafundo hayo yalinishtua, maana nilikuwa nayajua. Sura ya nne ya tasnifu yangu inayahusu. Mwaka uliopita nilipoyaona kwa mara ya kwanza, nilimuuliza mama maana yake, akaniambia moja ni nyekundu, mawili ni nyeusi, matatu ni kijani iliyokolea, na kwamba ndivyo walivyofunzwa na bibi. Nikaandika. Nikayaita maarifa ya ukoo yanayorithishwa kwa vidole. Msimamizi wangu aliweka alama ya pongezi pembeni mwa ukurasa huo, jambo ambalo kwa kawaida halifanyi. Nilipowakosa wasusi wengine wenye mafundo, sikutilia shaka maelezo ya mama. Niliandika kwamba wengine wameyasahau.

Na sasa ushahidi ulikuwa mbele yangu, nimeupiga mwenyewe. Mwaka mmoja kabla, mama huyo huyo alisuka rangi hizo hizo bila fundo hata moja. Mtu hawezi kurithi kwa bibi, aliyefariki zamani, jambo alilolianza mwaka jana.

Nilihamia kwenye milimita thelathini na tano, ambako ndiko kulikuwa na nyuso. Sikujua ninatafuta nini mpaka nilipokipata. Katika picha za mwanzo mama ananitazama. Katika za katikati anatazama sikio langu. Katika zile za karibuni anatazama upande wa kushoto, mahali ambapo mdomo wangu ulikuwa nilipokuwa nikimwambia atulie. Nilikuwa nimezipa picha hizo maelezo mafupi, na katika maelezo ya mojawapo nilikuwa nimeandika: haya ya mwanamke wa Kikamba mbele ya kamera.

Nilikaa nimeshika kingo za meza. Chai aliyoimimina hadi ikajaa sahani. Jinsi alivyonitambua kwa viatu kabla sijabisha, nami nikamsifu kwa masikio makali. Kila jambo nililikumbuka pamoja na maelezo niliyokuwa nimelipa, na kila maelezo yalikuwa mazuri na ya uongo.

Nilifika nyumbani alasiri. Mama alikuwa kwenye kivuli cha tangi la maji, kiondo kimefika nusu.

"Umekuja na viatu vya chuo," alisema. "Leo ni Jumatano. Kuna nini?"

"Nimekuja kupiga picha, Mwaitu." Ndivyo tunavyowaita mama zetu.

"Hizo picha haziishi? Haya, karibu. Uji uko jikoni, ujichotee."

Ninachosimulia sasa nimejaribu kukiacha nje ya maandishi haya mara mbili. Alipoingia ndani kutafuta kisu, niliketi mahali pake, nikachukua kitita cha nyeusi, nikafungua mafundo yake mawili. Nikachukua cha kijani, nikafungua matatu, nikafunga mawili. Nilijiambia kwamba ni jaribio, na kwamba bila jaribio nitakuwa nimerudia kosa la sura ya nne, la kuamini bila kuhakiki.

Alirudi, akaketi, akapapasa, akapata mafundo mawili, akaanza kusuka mstari mweusi kwa uzi wa kijani. Mzunguko wa kwanza ukaisha. Akaanza wa pili, huku akinisimulia habari za jirani aliyeuza mbuzi kisha akalia. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu mbele yake, kamera ikiwa shingoni, nami sikuweza kuiinua.

Mzunguko wa tatu aliusimamisha katikati. Alilirudia fundo, akalikunja kwa kucha.

"Hili si langu," alisema. "Mimi nafunga kulia."

Akaelekeza uso kwangu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mwaitu."

Hakukasirika kwa namna niliyoitarajia. Aliweka kiondo chini taratibu, kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Ungeuliza tu."

"Niliuliza. Mwaka jana."

"Mwaka jana uliuliza habari ya kiondo. Habari yangu hukuuliza."

Nilimwomba msamaha, na katika kuomba huko nikauliza mambo saba kwa mpigo: lini, jicho gani, anaona nini sasa. Alisema la kushoto limefunga, la kulia linaona kama mtu anayechungulia kwa tundu la kufuli. Rangi za giza zote kwake ni usiku mmoja. Nilipouliza kwa nini alinyamaza, alicheka kidogo.

"Ungeacha shule uje unishike mkono. Nakujua. Halafu ulifurahi sana na hayo mafundo, ukaandika mpaka chai ikapoa. Nikasema, wacha mtoto apate kitu. Nilidhani chuo kitanipa hata mimi cheti."

Kesho yake tulikuwa kwenye kliniki ya macho. Daktari, kijana mpole, alimpima kwa muda mrefu, kisha akasema ni presha ndani ya macho. La kushoto halitarudi. La kulia linaweza kubaki lilivyo akitia dawa bila kukosa siku hata moja, ila kilichopotea kimepotea. Mama aliitikia kama mtu anayesomewa ratiba ya kanisa. Mimi nilikuwa na swali moja, na nililiunda kwa uangalifu.

"Kama angeletwa mwaka jana, karibu wakati huu?"

Alinitazama, akamtazama mama. "Angekuwa na zaidi," alisema.

Tarehe naijua. Imeandikwa ndani ya picha, pamoja na milimita, pamoja na mwanga. Siku ile nilikuwa sentimita arobaini kutoka kwenye mikono yake, mafundo yakionekana makali, bila ukungu, kwenye lenzi, na nilikuwa nimefurahi kwa sababu yalikuwa makali.

Wiki iliyofuata nilirudi Kitui, nikainunua lenzi fupi. Mwenye duka aliifunga kwa karatasi.

"Picha zimekujibu?"

"Zimenijibu, mama."

Alinitazama juu ya miwani, akakatisha mzaha aliokuwa ameuandaa, akaniongezea kitambaa cha kufutia bila kunilipisha.

Dawa za mama ni chupa mbili, zenye umbo moja. Moja hutiwa asubuhi na jioni, nyingine jioni tu. Nilimnunulia lebo kubwa nikaziandika kwa wino mzito, nikamsomea kwa sauti. Nilipokwenda Jumamosi kumtazama, lebo zilikuwa zimebanduliwa. Shingoni mwa chupa moja kulikuwa na uzi wenye fundo moja, na mwa nyingine mafundo mawili, yote yamefungwa kulia.

"Hizo karatasi zako ziliteleza," alisema. "Piga hii."

Nilipiga magoti mbele ya chupa, kwa milimita hamsini na tano. Alikuwa amekaa kando yangu, ameelekeza uso pale sauti ya kamera ilipotoka.

"Na kile kitabu chako bado hujakipeleka?"

"Bado. Nitaiondoa ile sura."

"Uiondoe kwa nini?" Kwa mara ya kwanza tangu kliniki alikasirika. "Utoe bibi yako peke yake. Yeye alisuka katani tupu, rangi hizi hakuzijua. Uandike kwamba ni mimi niliyeanzisha, na uandike ni mwaka gani."

Nimeandika.