Pindo, Mji na Picha ya Mama

Siku ile nyumbani kwetu Frere Town tulikuwa watano: mimi, ndugu yangu wa kiume anayenifuata, mdogo wetu wa kike anayeuza mboga sokoni, kitinda mimba wetu, na Bibi wa nyumba ya pili aliyenifundisha kupinda leso. Mama naye alikuwapo, lakini nusu. Alikuwa ukutani, ndani ya picha niliyoipiga mwenyewe nikiwa na miaka kumi na mitatu, na ile nusu yake nyingine niliikata mimi kwa ujinga wangu.

Ndiyo picha yake ya pekee tuliyo nayo. Alikuwa amenunua kabati la vyombo, akaazima simu ya jirani na kunipa nimpige picha akiwa amesimama kando yake. Mimi nikaona kilicho kipya ndicho kikubwa. Nikaliweka kabati katikati, vioo vyake, vikombe vyake vyote, mpaka kitambaa cha kufuma alichokitandika juu. Mama akaangukia ukingoni: jicho moja, bega moja, mkono mmoja juu ya kabati, na kipande cha leso. Mwaka uliofuata akaugua, akafa. Baba alikuwa amemtangulia siku nyingi. Kabati tuliliuza. Picha ikabaki, na kabati bado liko katikati.

Niliacha shule muhula mmoja kabla ya kumaliza darasa la nane, kwa sababu kitinda mimba alikuwa na miaka mitatu na hakuna aliyeweza kukaa naye. Bibi ndiye aliyeniita barazani kwake. Hakuwa bibi yetu wa damu, wala hatukuwa wa dini moja, lakini alikuwa na cherehani mbili na mkono mmoja mbovu. Leso, yaani kanga, huja mbili zimeshikana, doti nzima. Unazikata katikati, kisha unapinda zile pande zilizo wazi. Nilipinda leso huku mtoto amelala miguuni pangu juu ya vipande, na hadi leo nikisikia cherehani ikianza mshono mrefu, nauona usingizi wake ule, mdomo wazi, uzi mwekundu umemng'ang'ania shavuni.

Miaka ikaenda, wateja wa Bibi wakaanza kununua kwa simu. Walitaka kuona leso kwanza. Basi nikawa natandaza leso sakafuni, napiga, natuma. Hakuna aliyejibu. Bibi akaitaka simu, akaisogeza mpaka karibu na pua, maana macho yake yalikuwa yameanza kufifia hata wakati huo.

"Hii ni leso au ni mkeka?"

"Ni leso, Bibi."

"Liwapi pindo?"

Nikatazama. Pindo, ule urembo unaozunguka leso pande zote nne, nilikuwa nimelikata upande mmoja, na upande wa pili likaonekana limepanda kama ngazi.

"Leso bila pindo ni kitambaa tu," akasema. "Ukitaka kupiga, anza pembeni. Zungusha mato pande nne kwanza, uone nini kimeingia na nini kimekatwa. Cha katikati hakikimbii."

Hilo lilikuwa somo la kwanza, na kama ningelijua nikiwa na miaka kumi na mitatu, Mama angekuwa mzima pale ukutani. La pili lilikuwa mji. Mji ni ule uwanja wa kati wa leso, ambapo mchoro mkubwa hukaa. Bibi alinionyesha leso mbili, moja imejaa maua mpaka haina pa kuweka kidole, nyingine ina korosho moja kubwa na nafasi tupu pande zote. Akaniuliza ipi naiona nikiwa ng'ambo ya barabara. Ya korosho. "Kwa sababu imeachiwa pumzi," akasema. Tangu hapo, kabla ya kupiga nilikuwa naondoa vitu. Ndoo, kandambili, waya wa pasi. Picha zikaanza kutulia, na wateja wakaanza kuulizia.

Lakini nikakosea tena, kosa ambalo naamini ni la watu wa leso peke yao. Kwa kuwa mji uko katikati, nikaamini kila kitu ni lazima kikae katikati. Nikawa napiga watu hivyo pia, harusini na ubatizoni, bibi harusi katikati kabisa kama msumari. Bibi alizipitia picha zangu siku moja akacheka mpaka ushungi ukamwanguka.

"Mwanangu, umewaanika hawa?"

"Si wewe uliyesema mji ni kati?"

"Leso haivaliwi ikiwa kwenye kamba. Njoo, nivishe."

Nikamvisha ile ya korosho. Alipojizungusha na kukunja upande, ile korosho haikuwa tumboni. Ilikuwa imesogea kwenye nyonga, pembeni. Pindo la chini likanyooka sambamba na sakafu, na maandishi, ambayo sisi huyaita jina la leso, yakakaa nyuma yakisubiri apite ndipo usome. Akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye cherehani na macho yangu yakaifuata korosho mpaka mwisho.

"Waona? Ikiwa imetandazwa, mji uko kati. Ikivaliwa, mji wahama, nawe wamtazama mtu kwa sababu ya huko kuhama."

Hakuna darasa lililowahi kunifunza kitu kwa haraka namna ile.

Sasa nirudi kwenye siku yetu. Kitinda mimba alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi bara, na tuktuk ilikuwa nje ikimsubiri kumpeleka kwenye basi. Mimi nilikuwa na haja moja tu. Tangu Mama afe, sisi wanne hatukuwa na picha hata moja tukiwa pamoja, na sikutaka huyu naye aondoke tukibaki na vipande. Nikawapanga sebuleni, karibu na mlango wa mbele, mahali ambapo mwanga wa asubuhi huingia kwa upande na kuwafanya watu waonekane wamelala vizuri.

Ndugu yangu alikuwa ametoka moja kwa moja machimboni Mwakirunge, vumbi jeupe la mawe hadi kwenye kope.

"Jipanguse," nikamwambia.

"Niache nilivyo. Wakiniona hivi huko chuoni watajua ana kaka anayefanya kazi."

"Watajua ana kaka aliyeangukia unga," akasema dada wa sokoni.

"Na wewe punguza hiyo shingo. Tunapigwa picha, hatupimwi kanzu," ndugu yangu akamjibu.

Kitinda mimba akawa anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Nikaondoa jagi mezani. Nikasogeza kiti. Nikazungusha macho pande nne: miguu yote imo, viwiko vyote vimo, fremu ya mlango imewakaa kama pindo. Nikaridhika kabisa.

"Tulieni. Moja, mbili..."

"Ngoja," Bibi akasema kutoka kwenye kiti chake. "Wanapigwa wangapi?"

"Watatu, Bibi."

"Mama yenu alizaa wangapi?"

Nikaishusha simu. Miaka yote ile mimi ndiye niliyeshika simu. Katika kila picha ya nyumba yetu mimi ndiye niliyekatwa, na mzima mzima, wala sikuwahi kugundua.

"Nipa hiyo simu."

"Bibi, mkono wako unatetemeka."

"Watetemeka, lakini kitwa hakitetemeki. Nenda kwa wenzako."

Nikamwonyesha pa kubonyeza. Hakuwa amewahi kupiga picha maishani. Alirudi nyuma hatua mbili, akarudi tena mpaka mgongo wake ukagusa dirisha. Akaiinua simu, akaishusha, akahamia kushoto. Nje tuktuk ikapiga honi. "Na ipige," akasema Bibi bila kugeuka. Kisha akabonyeza, mara moja tu, akanirudishia simu kama mtu aliyemaliza kuosha sahani.

Tukaizunguka. Ndugu yangu akawa wa kwanza kusema.

"Bibi! Umetupeleka pembeni. Ukuta ndio umepigwa picha."

Kweli, sisi wanne tulikuwa upande wa kulia, tumesongamana mlangoni, vumbi, machozi, shingo na vyote. Kushoto kulikuwa na ukuta wa chokaa, picha ya Mama na kabati lake, kisha ukuta mtupu. Nikataka kusema kwamba pale pangekatwa. Halafu nikaona. Mama amekatwa upande wa kushoto. Na ni upande huo huo, pale nusu yake inapoishia, ambapo Bibi alikuwa ameacha nafasi.

"Huyu naye ana bega jingine," akasema. "Lahitaji pa kukaa."

Kitinda mimba akaniambia, "Dada, usiikate." Sijaikata. Iko chuoni kwake, na nyingine kubwa iko hapa ukutani.

Tulipokuwa tunabeba sanduku, Bibi alitengeneza ushungi wake akakaa wima.

"Na mimi sasa. Nataka yangu, mzima, mpaka pindo, niione ningali naona."

Tuktuk ikapiga honi tena. "Kesho, Bibi. Kesho asubuhi mwanga ukiwa mzuri."

"Haya. Nakudai."

Kesho yake nilikuwa na leso za harusi za kupinda. Kesho kutwa ikanyesha. Wiki ile ile binti yake akaja kumchukua, akampeleka kwake Likoni, kwa kuwa hakuweza tena kujipikia. Nimevuka kwa feri mara mbili kumfuata. Mara ya kwanza alikuwa na homa, akakataa kupigwa. Mara ya pili nilimvisha ile leso ya korosho, nikamweka karibu na mlango, nikapiga. Nikamsogezea simu. Aliishika mbele ya uso wake kwa muda mrefu.

"Naona mwanga tu," akasema. "Nisomee."

Nikamsomea picha kama barua. Mlango uko kulia. Umekaa upande wa kushoto. Korosho iko kwenye goti. Umetabasamu kidogo.

"Pindo la chini limenyooka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nikatazama pande nne kama alivyonifundisha. Kwa haraka ya kumfurahisha nilikuwa nimemkaribia mno, na chini ya picha hapakuwa na pindo wala vidole vyake vya miguu.

"Halimo, Bibi. Nimelikata."

Akacheka, akanirudishia simu.

"Basi bado nakudai, mwanangu."